Wewe Uliyeona, Mimi Nisiyeona

Mbeya,
19 Agosti 1978

Kaka Venansi, kamwene.

Jana nimeapa. Nimeweka mkono juu ya Biblia ya ofisi, ile iliyoliwa pembe na panya, nikasoma karatasi moja kwa sauti mbele ya wakili wa serikali na Mzee Sanga, kisha nikatia saini. Jina lako limo mle mara tatu. Kuna neno juu yako walilotaka niliseme, sikulisema. Na kuna neno ambalo hakuna aliyeniomba, nikalisema. Nimeona ulisikie kwangu kwanza.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike. Karibu muda wote huo nimekuwa nakudhania vibaya. Huo ndio ukweli, na sijui namna ya kuuandika ukawa mzuri.

Utanisamehe nikikueleza hata yale unayoyajua. Wakili amenifanya niyaseme tangu mwanzo mara nyingi sana, mpaka sasa siwezi tena kuyasema kwa kuanzia katikati.

Wale wataalamu wa kampuni waliokuja kutupimia misitu walipomaliza mkataba, walituachia mashine mbili za hesabu, moja kwenu Iringa na moja kwetu Mbeya. Mashine zilikuwa zetu. Lakini zile kadi nyembamba za sumaku, zilizokuwa zinaiambia mashine ifanye nini, walizifunga kwenye sanduku la bati wakaondoka nazo. Wakaacha barua: programu ni mali ya kampuni, hairuhusiwi kunakiliwa, si kadi, si orodha ya amri zake. Bila programu ile mashine yetu ilifaa kuwekea birika la chai tu. Na makabati yamejaa fomu za miti, mistari na mistari ya misonobari, unene usawa wa kifua na urefu, kuanzia Mafinga mpaka Mgololo, zinangoja kuhesabiwa ili wajue kama kuna miti ya kutosha kulisha kiwanda cha karatasi.

Ndipo wakili akaja na kutueleza jambo ambalo siku ile sikulielewa. Nililielewa baadaye kwa kulifanya. Kwamba kazi inayofanywa na programu haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuandika ya kwake, ikapokea fomu zilezile na kutoa majibu yaleyale. Chenye mwenyewe ni maandishi yao, zile hatua jinsi walivyozipanga. Basi mtu ambaye hajapata kuyaona maandishi hayo hawezi kuambiwa ameyanakili.

Wewe ulikuwa umekaa ubavuni kwa mtaalamu wao miaka mitatu. Orodha yao uliiona, na sehemu yake uliijua kwa kichwa. Mimi sikuwa nimeona hata mstari. Mzee Sanga, msimamizi wa ofisi yetu, akasimama na miwani yake mkononi akatamka kama anasoma hukumu: "Aliyeona hataandika. Atakayeandika hataona." Ulikuwa ukarani wake wa zamani wa mahakamani huo unaongea, si mtu wa misitu. Wewe ukapewa kuandika mashine inalishwa nini na inatoa nini. Mimi nikapewa kutafuta njia ya kutoka huku kwenda kule. Na kila neno kati yetu lipite mezani kwake, lipigwe mhuri, lihifadhiwe.

Unakumbuka jinsi barua zako zilivyonifikia. Zilikuwa na madirisha. Mzee Sanga alizisoma na wembe mkononi, na mahali popote alipoona umegusa ndani ya programu yao, alikata. Vipande alivitia kwenye bahasha yake, akaandika tarehe. Nilizoea kuinua karatasi yako nikauona mlima Loleza kupitia tundu.

Ile ya togwa bado inanichekesha, hata sasa. Nilikuomba umwulize mkeo Mama Skola anavyotengeneza togwa, maana yangu ilikuwa inakataa kuwa tamu. Jibu lilipofika, nusu ukurasa ilikuwa hewa. Yamebaki maneno ya chini tu: "na ukishafunika uiache mpaka asubuhi." Nikamwendea mzee. Akanitazama kwa uso mkavu. "Chukua, weka, koroga, ongeza, rudia mara tatu. Unafikiri mimi mjinga? Hizo ni amri za mashine." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye sakafu. Yeye hakucheka. Alikipeleka kile kipande nyumbani, mkewe akamwambia, "Baba, hii si togwa hii?" Kesho yake akanirudishia kimegandishwa kwa gundi, na juu yake mhuri: IMEONWA.

Ulipopata habari hizo uliniandikia mstari mmoja. "Mnyaki, tumekwisha. Ametuibia togwa."

Tulifanya kazi hivyo miezi mingi. Wewe ulikuwa na zile karatasi za majibu ya zamani, zilizopigwa chapa na mashine wakati wao wangali hapa, na hizo zilikuwa zetu. Mimi natuma kadi yenye programu yangu, wewe unaijaribu kwa fomu za zamani, unalinganisha, unaniandikia: fomu hii sawa, ile tofauti. Nikiharakisha ulinituliza. "Miti imekaa pale miaka kumi. Itashindwa kukungoja wiki?"

Halafu ikaja barua ya Januari.

Majibu yangu yalikuwa yanalingana na ya zamani kwenye fomu zote zenye nafasi. Lakini kila fomu iliyojaa mistari yote, mimi nilizidi. Nilihesabu upya kwa mkono wiki nzima. Wewe ukaniandikia: "Fomu ikijaa, mti wa mstari wa mwisho usiuhesabu." Nikauliza, kwa nini? Mti umepimwa, umeandikwa, kwa nini niutupe? Jibu lako lilikuja. Lilianza na "Kwa sababu", na baada ya "Kwa sababu" kulikuwa na dirisha.

Nikafanya ulivyosema. Nikautupa mti wa mwisho. Kila kitu kikalingana.

Pasaka nilikuja kwenu Iringa, na hatukusema neno juu ya kazi. Mama Skola alituwekea viazi na maharage, akauliza, "Hiyo siri yenu imefika wapi?" Wewe ukaziba mdomo kwa kiganja, na kwa mkono mwingine ukanichagulia kiazi kikubwa. Skola akaona ni mchezo, akaziba wake pia, tukala wote tumeziba midomo kama wagonjwa wa meno. Baadaye uliingia chumbani, ukatoka mkono umo mfukoni, ukanitazama kama mtu anayetaka kunipa kitu, kisha ukaniuliza habari za mvua za Tukuyu. Siku ile sikuliona kuwa jambo. Tangu Mei nimelikumbuka kila siku.

Mei ulitutoka. Homa ya mapafu, siku tisa. Mimi nilipata habari siku ya nane na nilifika umeshapelekwa kwenu Kilolo.

Nikueleze mazishi yako, maana watu wengine hawatakueleza sehemu hii. Komba alikuja. Yule Mngoni, dereva wa ofisi yenu, mtani wako. Alikuwa amevaa koti lako la mvua na kofia yako, penseli imefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati kama ulivyokuwa ukifanya. Alitembea kama wewe, bega moja chini. Watoto wako walicheka na kulia kwa pamoja. Jeneza lilipofika kaburini akalala chini mbele yake. "Hazikwi mtu hapa! Mpekueni kwanza! Huyu Mhehe ana kadi ya mzungu mfukoni! Wazungu walihesabu kadi zao, yeye akawapunguzia moja wakiwa wanapumzika! Kidogo kidogo, kama panya kihengeni!" Watu wakaangua kicheko, hata padri aliinamisha kichwa. Wakampa Komba ada yake ya utani, akaondoka njiani, tukakuzika.

Mimi sikucheka, kaka. Nilikuwa nimesimama karibu na mama yako. Kwetu kama kwenu, mtani msibani anaruhusiwa kusema lolote. Anaruhusiwa kusema uongo. Lakini anaruhusiwa pia kusema yale ambayo wengine wote wanayajua na wameyanyamazia, na usoni mwake huwezi kutofautisha.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya kampuni. Walikuwa bado wanashauri mambo ya kiwanda, na majedwali yetu ya miti yaliwafikia. Waliandika kwa adabu sana. Kwamba programu yao ilikuwa na kosa dogo ambalo hawakuwahi kulitangaza: fomu ikijaa, ilipoteza mti wa mwisho. Na kwamba majedwali yetu mapya yanapoteza mti huohuo. Watu wawili, wakaandika, wanaweza kupata jibu sahihi kila mmoja kwa njia yake. Hawawezi kukosea mahali pamoja kwa bahati.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakumbuka dirisha lililokuja baada ya "Kwa sababu".

Julai akaja mtu wao, na Kiswahili alikijua. Alizunguka mashine yangu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Dada, umesoma mpaka wapi?" Kidato cha nne. "Na hesabu hizi ulifundishwa na nani?" Nikasema vitabu vya misitu vya ofisi, na kujaribu. Akatabasamu. Akauliza tena, taratibu, kama mtoto hajasikia swali: "Nani alikupa hatua hizi?" Nikamwonyesha madaftari yangu, manne, yamejaa hatua zilizofutwa na kuandikwa upya. Aliyafunua kurasa tatu akayafunga. Niliumia. Lakini alipoondoka niliona kwamba lile swali lake mimi pia nilikuwa nalo, ila mimi nilikuwa nakuuliza wewe.

Nilianza kusoma barua zako kama mpelelezi. Nilihesabu madirisha, yakawa tisa. Kwa nini mtu mwangalifu kama wewe akatwe mara tisa? Nilizitazama tarakimu zako za saba, ulizozoea kuzikata kwa mstari katikati kama wazungu, nikajiuliza kama mkono ulioziandika ulikuwa unanakili. Nilimwuliza Mzee Sanga kulikuwa na nini kwenye matundu. Akajibu, "Ningekuwa wa kukuambia, ningekata ya nini?" Hata yeye nikamshuku. Nilimwona akifunga kabati la faili nikadhani anafunga haraka mno. Nilikuwa nimefika huko.

Wakili akaandika kiapo. Ningesaini Agosti, au tungeizima programu na mashine zetu zirudie kuwekewa birika la chai. Kiapo kilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza, kwamba mimi sikuwahi kuona kadi wala orodha yao. Hicho ningekiapa hata usingizini. Cha pili, kwamba marehemu Venansi hakuwahi kutoa wala kubaki na kitu chochote cha kampuni. Hicho ndicho sikuweza kukipitisha kooni.

Kwa hiyo nikaomba ruhusa, nikaenda Mgololo. Nilitaka kuwaona wanaojaza fomu. Komba ndiye aliyenipeleka kwa landrova kutoka Mafinga, na njiani nikamwuliza wazi: "Kule kaburini, ulikuwa unajua kitu?" Akapiga honi bila sababu. "Dada, mimi mtani. Mtani akisema kweli ni ajali. Na hata angechukua! Mhehe akila mbwa wangu namsamehe, sembuse kadi?" Sikupata zaidi ya hapo.

Nyapara wa kikosi cha Mgololo ni Kaduma, mtu mfupi, anavaa viatu vya mpira vilivyokatwa. Nilimwuliza juu ya mstari wa mwisho. Akawatazama wenzake, wakacheka wote.

"Ule? Ule si mti, dada. Ule ni wa kumlisha mzungu."

Kaka, mwaka wa kwanza waliona hesabu zikirudi, fomu zilizojaa zina upungufu wa mti mmoja. Wakalalamika. Wakaambiwa mashine haikosei, kosa ni lao. Basi wakakubaliana wenyewe, porini, bila kumwambia bosi yeyote. Wakifika mstari wa mwisho hawapimi mti. Wanarudia tu namba za mstari wa juu yake, ili mashine iwe na kitu cha kumeza, na miti ya kweli ibaki salama. Miaka yote ile. Watu wa vikosi vipya walifundishwa hivyo kama wanavyofundishwa kunoa panga. Maelfu ya fomu, na kila fomu iliyojaa ina mti ambao haupo.

Programu ambayo haina kosa ingeihesabu miti hiyo. Ingejaza msitu miti ya kuandikwa.

"Bwana Venansi alikuja hapa kwa miguu kutoka barabara kuu," Kaduma akasema. "Mwezi wa kumi na mbili. Alikula na sisi, akaomba tumjazie fomu akiangalia. Tulipofika chini akauliza, huu mti uko wapi? Tukaona aibu." Akaingia kibandani akatoka na daftari la shule. Mwandiko wako. Maelezo ya jinsi wanavyojaza mstari kwa mstari, tarehe ya Desemba, na vidole gumba vya watu sita kwa wino wa zambarau. Ulimwambia alitunze, kwamba iko siku mtu atakuja kuuliza.

Nilikaa juu ya gogo na daftari lile mapajani. Hukuuchukua ule mti kwenye orodha yao. Uliuchukua kwa Kaduma. Nilikuhukumu umeshakufa, na kumbe ulikuwa umetembea mpaka kule kwa miguu yako ili mimi nisije nikahukumiwa.

Niliporudi Mbeya baadaye, kwa kuwa kampuni yenyewe ilishalitaja kosa lile, Mzee Sanga alikifungua mbele ya wakili kile kipande cha Januari. Kilisema: "mashine yao humeza mstari wa mwisho, na wenzetu wa Mgololo wamezoea kuilisha." Alikikata kwa sababu ya maneno mawili, "mashine yao". Alikisoma mara mbili, akavuta pumzi, akasema tu, "Nilikata sawasawa." Ndivyo alivyo.

Lakini kabla ya kurudi Mbeya nilipitia Kilolo.

Nilikwenda kukuomba radhi. Nilikuwa na moyo mwepesi kuliko siku zote tangu Mei. Mama Skola alikuwa anapukuchua mahindi, akanipa kigoda na sehemu ya gunia, tukapukuchua wote. Nikamweleza nilivyokuwa nimekudhania, nikalia, akaniambia, "Basi, basi, hata mimi nilikuwa namshuku kila akichelewa, na kumbe yuko na fomu zake." Kisha akakumbuka kitu. Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya khaki.

"Alinipa siku ya kulazwa. Kwa homa na msiba nikasahau. Ni yako."

Juu umeandika kwa penseli jina langu, Tumpe, na chini yake: Usifungue mpaka kazi iishe.

Niliishika, na vidole vyangu vilijua kabla yangu. Kadi za mashine nimezishika mwaka mzima. Nyembamba, urefu wa rula ya shule iliyokatwa, inapinda na kurudi. Kulikuwa na kadi moja mle ndani.

Kwa nini, kaka? Kwa nini usiandike neno moja zaidi?

Njia nzima nilipiga hesabu. Nilikutumia kadi tano za majaribio, ukanirudishia nne. Kwa hiyo inaweza kuwa yangu ya tano, ile iliyolingana mara ya kwanza, uliyoniandikia kwamba ulipoona majibu ulitoka nje ukazunguka jengo peke yako. Labda uliiweka unirudishie kama ukumbusho, na Pasaka ulikaribia kunipa ukakumbuka amri ya mzee. Ungeweza. Ulikuwa mtu wa namna hiyo.

Na inaweza kuwa yao. Uliyoibakiza kwa hofu kwamba mimi nitashindwa, miti yote ile ipotee bure. Ungeweza. Ulikuwa mtu wa namna hiyo pia.

Kuijua ilikuwa kazi ya dakika mbili. Ningeitia kwenye mashine, ningeona. Lakini nikiona orodha yao, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya, mimi si yule asiyeona tena, na kila nitakachogusa baada ya hapo kitakuwa na shaka. Hata kurekebisha kosa dogo katika programu yangu mwenyewe nisingeweza. Ile kanuni yetu yote ilikuwa imebaki kwenye gundi ya bahasha moja.

Nilikaa nayo siku tatu chini ya godoro. Halafu nikaiweka mezani kwa Mzee Sanga.

Aliigeuza, akasoma maandishi yako, akaipapasa. Kisha yule mzee wa wembe, yule aliyekata togwa, akasema kwa sauti ya chini, "Hukuulizwa habari ya bahasha. Ungeichoma jikoni kwako nisingejua." Nikamwuliza, "Ingekuja mikononi mwako, mzee, ungeichoma?" Akavua miwani. "Mimi ningeifungia faili." Nikasema, basi. Akasema, "Ukiiandika, wataiomba. Na wakiikuta ni yao, jina la mwenzako ndilo litakaloanguka, wala hayupo kujitetea." Nikasema najua. Nilikuwa nalia, lakini nilijua.

Hivi ndivyo nilivyoapa jana. Kifungu cha kwanza kama kilivyokuwa. Cha pili nilikataa kukisoma. Wakili alikasirika, akasema kwa nini nisimtetee marehemu niliyefanya naye kazi. Nikamwambia siwezi kuapa kwa macho ya mtu mwingine. Badala yake nikaandika kwa mkono wangu: kwamba kila alichonipa Venansi juu ya kazi hii akiwa hai kimo kwenye faili pamoja na vipande vilivyokatwa, kwamba habari ya mti wa mwisho aliipata kwa watu wa Mgololo, na daftari lao hili hapa, na kwamba baada ya kifo chake nimepewa bahasha moja, nadhani ina kadi, sikuifungua.

Mzee Sanga aliyeyusha lakiri akaifunga mara ya pili. Jumatatu inakwenda Dar es Salaam, kufunguliwa mbele ya pande zote mbili.

Sijui kilichomo. Nakuandikia leo makusudi, kabla ya kujua, ili usije ukasema nilikupenda baada ya kusikia majibu. Bado nina shaka, kaka. Nikilala upande huu nakuona unazunguka lile jengo kwa furaha na kadi yangu mfukoni. Nikigeuka nakuona mbele ya sanduku la bati, unaangalia mlango. Wote wawili wana penseli kifungoni.

Nakuahidi haya. Majibu yakija, yawe yoyote, nitapanda Kilolo nimweleze Mama Skola kwa mdomo wangu kabla karatasi yoyote haijamfikia. Nitamwambia Skola kwamba baba yake alikwenda kwa miguu kuwauliza watu wa porini wanavyofanya kazi, wakati wataalamu waliwaambia mashine haikosei. Hilo lina vidole gumba sita, hakuna atakayelifuta. Na wakiniondolea programu, wakanionyesha orodha yao ili kunithibitishia, basi mimi nitakuwa aliyeona. Nitakaa kwenye kiti chako. Tutamtafuta msichana mwingine mahali fulani, mwenye kidato cha nne na madaftari, nami nitamwandikia inaingia nini na inatoka nini, na mzee atakata madirisha.

Kwaheri, kaka yangu. Ndaga, ahsante kama tunavyosema kwetu, kwa kiazi kile, kwa subira, kwa kuniaminia kazi usiyoweza kuifanya mwenyewe.

Nilitaka kukuamini na sikuweza. Nilitaka kufungua na sikufungua. Usichague moja. Unikumbuke kwa yote mawili.

Mdogo wako,
Tumpe